Una karata mbili tu za uru, tena ndogo, wafikiria nini sekunde kumi??

Jamani tangu jana usiku nina hasira hata usingizi sikupata. Klabu yetu ya bridge, ule mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, hapa Mombasa siitaji jina, wenyewe wajijua.

Nimenadi shupaza 4, yaani turufu ni shupaza na yanitakikana mikono 10, kila mzunguko wa karata nne ni mkono mmoja. Turufu nishazimaliza, mikono 9 naiona, wa kumi lazima utoke kwa uru. Mimi nina ree, jeki na kumi, kwa dami, yaani karata za mwenzangu zilizofunuliwa mezani, kuna kingi, tisa na tatu, kwini aweza kuwa upande wowote. Natupa jeki. Bwana wa kushoto akaganda. Akachomoa karata nusu akairudisha, akagongagonga meza kwa kidole, akaziangalia za dami, akavuta pumzi, ndo akatupa nne. Nikasema kwini anaye huyu, asiye naye angeteseka hivi kwa lipi? Nikaweka tatu ya dami, kingi nikaiacha. Wa kulia akashusha kwini! Nimeanguka kwa mkono mmoja, badala ya kuandikiwa pointi 420 wao ndo wakapata 50.

Kumalizika naziona karata za yule wa kushoto, uru ni nne na sita. Basi!

Nikaita mwamuzi. Yule bwana asema eti alikuwa akiwaza aanze na kubwa ama ndogo, amwonyeshe mwenzake hesabu ya uru alizo nazo. Mwamuzi akanambia ukisoma mwendo wa mpinzani, kama kaharakisha ama kasita, ni kwa hasara yako mwenyewe, huyo akaenda zake kunywa chai. Hapo ndo paliponiuma, maana kasoma nusu ya sheria! Ni kweli kanuni ya 73 yasema hivyo, lakini shuka chini kidogo: mpinzani akisita bila sababu ya mchezo inayoonekana, na angeweza kujua kusita kule kutamfaa, aliyepotoshwa arekebishiwe matokeo. Sihitaji kuthibitisha alikusudia, wala sijamwita mwizi.

Kufikiria si kosa, una kwini na hujui umfunike jeki ama umwache, fikiria hata dakika nzima sitasema neno. Lakini nne na sita? Hata barazani Mji wa Kale ukigandisha karata vile wazee wote wakupigia kelele "tupa!"

Jumanne naenda na kitabu cha sheria cha 2017, nakifungua mbele ya kamati, nataka 420 yangu. Nyinyi mnaocheza, mwamuzi wenu angekata vipi hii?