Maana nyingi za neno "run" kwa wanafunzi wanaozungumza Kichina

Swali
Ndugu zangu, ninawafundisha Kiingereza watu wazima wa Guangzhou, na neno "run" linawatatiza sana. Wanalijua kwa maana ya kukimbia, ambayo kwao ni "pǎo", hivyo wakisoma kwamba mtu "runs a shop" wanadhani anakimbia dukani. Niwaelezeje?

Jibu la kwanza
Mwalimu, usiwape orodha ya maana, bali wafundishe kutazama nomino inayoandamana na kitenzi, kwa kuwa ndiyo inayoamua. Ikiwa ni duka au kampuni, Kichina husema "jīngyíng", yaani kuendesha. Ikiwa ni mto au makamasi, husema "liú", yaani kutiririka. Na mashine au programu ya kompyuta huchukua "yùnxíng". Hata sisi hatusemi kwamba pua inakimbia, tunasema makamasi yanatoka, kwa hiyo ugumu wao tunauelewa vizuri.

Jibu la pili
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila mafundi wa kompyuta wa China nao husema "pǎo" kwa programu inayofanya kazi. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu mwanafunzi ataona kwamba lugha yake mwenyewe imekwisha kulipeleka neno hilo mbali na miguu.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Na "run out of", ya kuishiwa na kitu?

Jibu la kwanza
Hiyo ifundishe kama neno moja zima, sawa na "yòngwán", yaani kutumia hadi kwisha.