Meli za utafiti za kigeni katika bahari yetu: tuzikaribishe, tuziwekee masharti, au tuzizuie?

MLETA MADA

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Juzi pale Feri, tukisubiri pantoni kwenda Kigamboni, ulizuka ubishi ambao haukuisha hata tuliposhuka ng'ambo. Mzee mmoja, baharia mstaafu, alisema nchi inakosea kuruhusu meli za utafiti za mataifa mengine kuzunguka kwenye maji yetu. "Wanapima wao, wanajua wao, sisi tunasimuliwa." Kijana aliyebeba ndoo ya vibua akamjibu kwamba bila hao wageni hata tahadhari ya upepo tusingeipata. Kila mmoja alikuwa na watu wake, na mimi nilinyamaza kwa sababu niliona wote wawili wana kitu.

Leo nasema. Tushirikiane na dunia katika sayansi ya bahari, tena zaidi ya tunavyofanya sasa. Kinachotuumiza ni kwamba sheria imetupa haki nzito juu ya kila meli ya utafiti inayoingia kwetu, nasi hatuzidai.

Kwa nini nataka ushirikiano? Tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa na miaka 16. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, na ufukwe umejaa watoto. Bahari ikafanya jambo ambalo sijawahi kumsikia mzee yeyote wa pwani akilisimulia: maji yalitoka kwa kasi, yakarudi, yakatoka tena, wala si saa ya kupwa wala ya kujaa. Watu kumi au zaidi walikufa nchini siku ile, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea hapa hapa Dar. Tetemeko lenyewe lilitokea Sumatra kabla ya alfajiri kwa saa zetu. Wimbi lilisafiri zaidi ya saa saba kabla ya kutufikia. Saa saba, ndugu zangu! Redio za dunia zilikwisha kutangaza. Kule Mombasa polisi waliwatoa watu ufukweni, na Kenya nzima akafa mtu mmoja. Taarifa ilikuwepo, ila njia ya kuifikisha kwa mtoto anayeoga Dar es Salaam haikuwepo.

Baada ya msiba ule nchi za Bahari ya Hindi zilikaa pamoja chini ya tume ya bahari ya UNESCO, ile iliyoundwa mwaka 1960, zikajenga mfumo wa tahadhari ya tsunami. Tangu 2011 Australia, India na Indonesia ndizo zinazofuatilia matetemeko na kuzitumia nchi nyingine taarifa. Kipimo cha usawa wa bahari kilichopo bandarini Unguja, kilichoanza kuandika kupanda na kushuka kwa maji tangu miaka ya 1980, ni sehemu ya mtandao wa dunia. Hakuna nchi moja inayoweza kuuendesha mfumo huo peke yake.

Tazameni pia Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, boti za Dar na Unguja zikasimama, wavuvi wakavuta vyombo juu. Kimbunga kikafika Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Kazi ya watu wetu naipa heshima yake yote. Lakini walikuwa wanasoma na picha za setilaiti za mataifa mengine, pamoja na taarifa za kituo cha vimbunga cha Réunion, kinachoendeshwa na Ufaransa. Mwaka 1952 kimbunga kilipoipiga Lindi, nani alijua kinakuja?

Na kuna vile vyombo vya Argo. Ni maboya marefu kiasi cha kimo cha mtu, karibu 4,000 duniani kote. Kila kimoja huelea kina cha mita 1,000, huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku kumi hupanda juu kikipima joto na chumvi njiani, kisha hutuma takwimu kwa setilaiti. Mtu yeyote anaweza kuzichukua bure, hata wewe ukiwa Manzese na simu yako. Ni vipimo vya namna hiyo vinavyoonyesha mapema pale maji ya upande wetu yanapopata joto kuliko ya upande wa Indonesia, hali iliyotuletea mvua za vuli za 2019 zilizopita kiasi. Kipindi kile cha maharamia wa Somalia, meli za kuweka na kutengeneza maboya ya kupimia zilishindwa kuja upande huu wa Bahari ya Hindi, na pakabaki pengo ambalo sisi wa pwani ya Afrika ndio tulioumia nalo. Anayesema "tuwazuie" akumbuke kwamba sehemu hii ya bahari imewahi kukosa wapimaji.

Sasa nije kwa yule mzee, maana ana hoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unasema utafiti wowote ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani yetu lazima upate ridhaa yetu. Anayetaka kuja atoe maelezo kamili miezi sita kabla. Tuna haki ya kuweka watu wetu ndani ya meli bila kuchangia gharama. Tuna haki ya ripoti, takwimu na sampuli, na haki ya kusaidiwa kuzielewa. Kama utafiti unagusa moja kwa moja rasilimali, mathalani gesi, tunaweza kukataa. Hayo yote yameandikwa.

Ila kuna ibara ya 252 ambayo natamani ibandikwe ukutani kwenye kila ofisi inayohusika. Nchi ikishapelekewa maelezo na ikakaa miezi minne bila kujibu, ukimya wake unahesabiwa ni ridhaa, na ikifika miezi sita meli inaweza kuanza kazi. Faili likilala mezani, meli inaingia kwa halali. Tutamlaumu nani?

Karibuni. Mwenye kupinga apinge kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA, KUNDUCHI

Kaka, umeandika vizuri, lakini umeandika ukiwa nchi kavu. Mimi nina mashua na vijana sita. Naomba nikuambie neno "uhifadhi" linavyosikika huku dikoni, tunakoshushia samaki.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Hakuna kuvua. Sawa, sikatai, samaki wanahitaji pa kuzalia. Lakini mgeni anateremka Mbudya, analala kivulini, anakula samaki wa kuchoma, na mimi nikipita karibu na nyavu zangu naonekana mwizi. Kila mradi unaokuja na fedha za nje huanza kwa kuniuliza maswali. Nimejazishwa madodoso hata sijui mangapi. Umri, idadi ya watoto, aina ya nyavu, unavua wapi. Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia, "Tumegundua hiki." Hata mara moja!

Halafu elimu yangu nani anailipa? Najua kaskazi inapoingia jodari anapita wapi, najua mwamba gani una changu wakati wa bamvua na upi wakati wa maji mafu. Nikimwambia mtafiti, kesho anakuwa na shahada kwa maneno yangu. Sisemi waje au wasije. Nasema mpaka nione faida dikoni, mimi niko upande wa yule mzee wa pantoni.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba niseme kama mtu aliyepanda hizo meli. Nilikaa siku 18 kwenye meli ya utafiti ya kigeni, zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nikichambua planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, kwenye meza inayoyumba huku tumbo nalo linayumba. Kile chombo cha kupima joto na chumvi kikiteremshwa kwa waya usiku, unakaa na kuangalia mstari unavyochorwa kwenye kompyuta, mita kwa mita, na unajua hakuna Mtanzania mwingine anayeona kitu hicho saa ile. Nililia siku ya kwanza, kwa furaha.

Miaka miwili baadaye nikaona takwimu zile kwenye makala ya kisayansi. Chuo chetu kilitajwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Nikakasirika, nikaenda kuuliza kwenye ofisi yetu iliyopaswa kupokea nakala. Nikaambiwa diski ililetwa, ila aliyeipokea amehama na haijulikani iko wapi. Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Wale wageni walituma, sisi tukapoteza.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada, ila niongeze mfano. Meli ya Norway inayoitwa Dr. Fridtjof Nansen ilipima samaki wa pwani yetu mwaka 1982 na 1983. Mwaka 2018 meli ya tatu yenye jina hilo hilo, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa kwa kazi ya FAO, shirika lake la chakula na kilimo, ikapima tena, na watafiti wa Kitanzania wakiwemo. Anayetaka kujua samaki wa leo wakoje ukilinganisha na wa ujana wa baba zetu lazima aanzie huko. Vipimo vya miaka ile vimetunzwa Bergen, kule Norway. Najiuliza, kama vingeletwa hapa mwaka 1983 vikawekwa kabatini kwetu, leo vingekuwepo?

MCHANGIAJI WA TATU

Tuwe wakweli, gesi ya kina kirefu iligunduliwa kuanzia 2010 na kampuni za nje. Anayejua kilicho chini ndiye anayepanga bei. Sayansi na biashara zinapanda meli moja. Mimi nasema kila meli ilipe, na takwimu zifungwe miaka kumi kabla ya mtu wa nje kuziona.

MLETA MADA

Nianze na wa tatu, halafu nitakaa kwa ndugu yangu wa Kunduchi.

Kufunga takwimu zote ni kujifunga wenyewe. Takwimu za madini na gesi zina sheria zake na tunaweza kuzikatalia. Lakini joto la maji ya Mafia likifungwa miaka kumi, utabiri wa kimbunga kijacho utatoka wapi? Tunachukua bure vipimo vya India, Japani na Marekani kila siku. Tukificha vyetu, tutaomba vyao kwa uso gani?

Tena kuna mlango mpya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ulipitishwa Juni 2023, ukafikisha nchi 60 zilizouridhia Septemba 2025, na umeanza kutumika tarehe 17 Januari 2026. Unazungumzia hifadhi za bahari ya kimataifa, na pia mgawo wa faida inayotokana na vinasaba vya viumbe wa huko, pamoja na kujengewa uwezo kwa nchi kama yetu. Mgawo huo atauomba nani kama hatuna wataalamu wa kukaa kwenye vikao na kusoma hizo takwimu?

Kaka wa Kunduchi, dodoso lisilorudi ni deni, na nakubali tunadaiwa. Tume ya Sayansi na Teknolojia tayari inamtaka mtafiti wa nje awe na kibali. Mimi ningeongeza sharti moja kwenye kibali hicho: kabla mtafiti hajafungiwa faili, arudi dikoni alikochukua maneno, aeleze matokeo kwa Kiswahili, mbele ya manahodha na wachuuzi, na waruhusiwe kumbishia. Na mvuvi aliyemwonyesha mwamba aandikwe jina na alipwe kama anavyolipwa msaidizi mwingine wa utafiti.

Lakini usiniambie ushirikiano haujawahi kukufaa. Unaikumbuka Tawariq 1? Machi 2009, meli ya kigeni inavua jodari kwenye maji yetu bila leseni. Dar nzima tuliwaita "samaki wa Magufuli", karibu tani 300. Nani aliyeikamata? Ilikuwa doria ya pamoja, meli ya Afrika Kusini na maofisa wa nchi kadhaa za ukanda huu, wetu wakiwemo. Hatukuwa na chombo cha kufika huko peke yetu. Jodari yule unayemngoja wakati wa kaskazi anazunguka Bahari ya Hindi nzima, na idadi ya kuvuliwa inapangwa kwenye tume ya jodari, kule Shelisheli. Tukikosa takwimu zetu pale, tutapangiwa kwa takwimu za wenye meli kubwa.

Na si kila ushirikiano unatoka Ulaya. Kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa na kuifungua kwa siku maalumu kulianza Madagascar mwaka 2004, kijiji cha wavuvi cha Andavadoaka. Leo kunafanyika Songosongo, Mafia na Kisiwa Panza kule Pemba. Wavuvi wenyewe ndio wanaokubaliana mwamba upi ufungwe na lini.

MCHANGIAJI WA KWANZA, KUNDUCHI

Hilo la pweza nimelisikia. Binamu yangu yuko Songosongo, anasema siku ya kufungua hata walioondoka kijijini wanarudi.

Basi nikuulize moja, maana hapa ndipo penye kazi. Hiyo tahadhari ya upepo na mawimbi inayotoka kila siku, huku dikoni tunaipata kwa mwenye simu kubwa, naye akiwa amelala hatuipati. Tunaondoka saa tisa usiku. Mkiweza kushawishi ibandikwe ubaoni pale mnadani kila jioni kabla ya magharibi, kwa maandishi makubwa, ubao nitatengeneza mimi. Mbao ninazo.

MLETA MADA

Jumamosi nakuja Kunduchi, kaka. Niambie saa ya mnada.

MCHANGIAJI WA KWANZA, KUNDUCHI

Saa moja asubuhi. Usichelewe, samaki wazuri wanaisha mapema.