Mathe ana arthraitisi ya goti, akae apumzike ama afanye mazoezi?

Wambo_Umoja
Habari zenu wadau. Mathe wangu ana miaka 63, tunakaa ghorofa ya nne hapa Umoja na lifti hakuna. Magoti yamemsumbua kitambo, la kulia ndio mbaya, tukapiga eksirei daktari akasema ni ostioathraitisi, mafuta ya goti imeisha, akamwandikia dawa za maumivu na kumtuma kwa fizio. Sasa majirani na wenzake wa kanisa wanamwambia akiendelea kutembea atalimaliza goti kabisa, kwa hivyo siku hizi anakaa tu, hata sokoni ananituma. Naona paja la kulia limekonda kuliko la kushoto, na akitaka kuinuka kwa sofa lazima ashike meza. Kushuka ngazi ndio noma, anashuka kando kando akishikilia reli. Mazoezi hayatamuumiza zaidi kweli?

Otis_K
Pole sana dada. Shosho wetu alikalishwa hivyo hivyo mpaka miguu ikakosa nguvu, saa hii hata kwenda choo ni kushikwa. Usikubali mathe akae.

FizioMtaani
@Wambo hapo kwa paja kukonda umeona vizuri sana. Goti likiuma na kufura, neva zinapunguza amri kwa msuli wa mbele ya paja, msuli unalegea bila mtu kutaka, halafu akiacha kutembea unakonda zaidi, goti linakosa wa kulishikilia na maumivu yanaongezeka. Hiyo misuli ndio shoki za goti, ndio maana kushuka ngazi kunamshinda. Na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, haina mishipa ya damu, inalishwa na yale maji ya ndani ya goti, ambayo yanazunguka goti likikunjwa na kunyooshwa. Kukaa hakulilindi.

Aanze na kiti kigumu cha mezani, achana na sofa. Kiegemee ukuta kisiteleze, akae mbele mbele, avute nyayo nyuma kidogo, mikono kifuani, ainuke, halafu ashuke POLEPOLE bila kujitupa, hapo kwa kushuka ndio kazi iko. Ikimshinda bila mikono weka blanketi iliyokunjwa juu ya kiti, kikiinuka inakuwa rahisi. Mara nane hivi, apumzike, arudie, siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia. Asubuhi akiwa bado kitandani anyooshe mguu akaze paja akibonyeza godoro na nyuma ya goti, ahesabu tano, aachie. Na nyonga pia, ashike sinki ainue mguu kwa upande.

Wambo_Umoja
Asante sana aki. Na akisema inauma katikati ya zoezi tuache? Halafu mkongojo amekataa, anasema ni wa wazee.

FizioMtaani
Maumivu kidogo si shida. Ajipimie 0 mpaka 10, isipopita 5 na kesho yake goti limerudi vile lilikuwa, endeleeni. Likiamka limefura punguzeni idadi, msiache. Mkongojo aushike mkono wa KUSHOTO, upande wa mguu mzima, wengi hushika upande wenye shida na hausaidii vile inafaa. Ngazi: kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize ule unaouma. Nguvu haiji wiki ya kwanza, mpe wiki 6 mpaka 12 na akienda kwa fizio wake amwongezee uzito pole pole. Lakini goti likiwa jekundu na moto halafu ana homa, ama likwame lisinyooke, hospitali siku hiyo hiyo.

MamaTatu
Naongezea kuhusu uzito, kama ako na kilo za ziada, kila kilo moja akipunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, hata akipunguza kidogo atasikia tofauti akipanda hizo ngazi. Na kama ana presha ama vidonda vya tumbo daktari ajue kabla hajaendelea na hizo dawa za maumivu, kuna zingine zinapandisha presha na kuchoma tumbo, asizoee kujinunulia tu kwa kemisti kila goti likiuma.