Ushauri: Watoto 48, Kosta mbili, siku moja. Kolo au Kongwa?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za humu. Nafundisha darasa la sita hapa Dodoma mjini. Mwezi wa saba tuna ziara ya siku moja, na wazazi wanachanga elfu ishirini na tano kila mtoto (wengine bado wananipiga chenga, hayo niachieni mimi). Mkuu wa shule anataka Kolo, kule Kondoa, tukaone michoro ya miambani. Mimi naona ni mbali, moyo wangu uko Kongwa. Mwaka juzi tuliwapeleka sehemu moja hapahapa mjini, wakarudi wanasimulia kiyoyozi tu. Sitaki yale tena. Mliofika huko, nipeni hali halisi.

Binti Irangi
Mwalimu, Kolo ni kama kilomita 180, lami mwanzo mwisho. Kwa Kosta isiyokimbizwa weka saa tatu. Shughuli inaanza mkishafika. Mungomi wa Kolo, lile pango la kwenye picha, liko mbali na ofisi ya malikale, njia ni ya mawe, halafu mnamalizia kwa miguu mlimani. Kosta haifiki. Zungumza na mwongozaji mapema awapeleke Pahi, upande wa Lusangi, gari linasogea karibu.

Pale kuna michoro myekundu ya wawindaji wa kale, na myeupe iliyokuja baadaye. Usiwaambie watoto ipi ilitangulia. Waache wasimame mbele ya jiwe watafute wenyewe rangi ipi imepanda juu ya nyingine. Ila wasiguse, na asimwagie mtu maji ili picha itoke vizuri! Nimemwona mtu mzima, amevaa tai kabisa, akifungua chupa mbele ya mchoro wa twiga. Mungomi kwenyewe wazee bado wanatambika, kwa hiyo hata kelele mzipunguze.

Dereva Mstaafu
Naongezea hapo kwa Binti Irangi. Akitokea mtu akakwambia "pakia watoto kwenye Fuso tuwapandishe Mungomi", kataa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, na saa tisa mchana injini iwe inawaka kurudi.

Mama Wawili
Mie mzazi, natetea Kongwa. Haifiki hata kilomita 100, watoto wanarudi na nguvu zao. Ndiko Waingereza walikoleta matrekta mwaka 1947 walime karanga, mvua ikawagomea, udongo ukikauka mgumu kama saruji, 1951 wakafunga virago. Na miaka ya sitini kambi ya wapigania uhuru ilikuwa hapo: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia.

Mzee wa Makorongo
Mama Wawili, historia hiyo ni nzito, sibishi. Lakini Kongwa bila msimuliaji mzuri mtoto wa miaka kumi na mbili anaona nyasi na majengo ya zamani. Kama huna mtu wa kuwasimulia, nenda Kondoa.

Halafu mwalimu, usiwaache walale njiani. Mkikaribia Kondoa waamshe watazame makorongo. Ardhi ile ilikuwa imeliwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Yote, hata mbuzi. Sisi watoto wa wafugaji tulilia. Leo angalia miti iliyorudi. Hilo ni somo la jiografia ambalo halina kiingilio.

Mwalimu wa Zamu
Nimewaelewa wakuu. Kolo, kisha Pahi, Mungomi tunaiacha. Mzee wa Makorongo, shikamoo, hiyo habari ya mbuzi nitaisimulia kwenye gari. Mama Wawili, Kongwa naiweka mwakani nikishapata msimuliaji, na michango nitaanza kukusanya mwezi wa kwanza. Swali la mwisho, la aibu kidogo: watoto 48 kwenda haja, tusimame wapi?

Dereva Mstaafu
Haneti mnyooshe miguu tu. Vyoo subirini stendi ya Kondoa, na ubebe chenji. Ukimpa yule wa mlangoni noti ya elfu kumi asubuhi, mtakesha.