Fahari ya Siku ya Uhuru: tuwaelezeje watoto wetu huku Kusini?

Mzazi wa Nachingwea
Ndugu zangu, salaam. Kila tarehe 9 Desemba, wimbo wa taifa unapoanza na watu wote wakasimama wima, mwili wangu husisimka na machozi hunilengalenga. Watoto wangu wawili wa sekondari wanaiona kuwa siku ya mapumziko tu. Historia ya Uhuru wanayoijua ni ya Dar es Salaam, ambako bendera ya Mwingereza ilishushwa mwaka 1961, na ya Mlima Kilimanjaro, ambako Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge. Hayo ni heshima yetu sote, lakini mkubwa ameniuliza swali linalostahili jibu zito: "Baba, sisi wa huku tulifanya nini?" Naomba msaada, hasa wa wazee mlioyaona.

Babu wa Masasi
Mwanangu, mjukuu ameuliza vyema. Mweleze kwanza kwamba Vita vya Majimaji vilianzia Umatumbi, wilayani Kilwa, mwaka 1905, pale wananchi walipong'oa mipamba ya shamba walilolazimishwa kulilima. Kisha mweleze habari za hapo hapo mnapoishi. Mwalimu Nyerere alisema kwamba Mwenge huo utamulika hata nje ya mipaka yetu, na nuru yake ilipovuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji ilipitia kwetu. Wapigania uhuru wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa na kambi yao ya mafunzo Nachingwea, na kiongozi wao Samora Machel mwenyewe aliishi hapo, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Ukarimu huo haukuwa wa maneno matupu, kwa maana vijiji vya kando ya mto upande wetu viliangushiwa mabomu na ndege za Wareno, na bado wakimbizi waliovuka walipokewa, wakapewa mahali pa kulala na shamba la kulima. Sisi Wamakonde tuna ndugu ng'ambo zote mbili, kwa hiyo vita ile ilikuwa msiba wa nyumbani.

Mwalimu, Mtwara Mjini
Shikamoo babu, umenena. Mimi ningemshauri mzazi awapeleke watoto Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliopoteza maisha nchini Msumbiji. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, silaha za jadi huwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu: mkuki na ngao, upinde na mshale, sime. Kijana akiona mkuki ukilazwa kwa heshima namna ile, na askari wamesimama kimya huku tarumbeta ikilia, hahitaji hotuba ndefu. Darasani nimeona kwamba tarehe peke yake huishia kwenye karatasi ya mtihani, ilhali jina la mahali ambapo mwanafunzi anaweza kufika kwa basi humfanya aulize maswali mpaka kengele igongwe.

Mkazi wa Lindi
Nakubaliana nanyi, ila naomba tusiwafiche vijana upande wa pili. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, masika yalipokolea, Kusini tulikatika na nchi yetu wenyewe kwa sababu ya Mto Rufiji, na hali hiyo ilibadilika daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso. Kijana anayelijua hilo ataelewa kwamba wazee wake waliwapokea wageni na kugawana nao chakula katika wakati ambao wao wenyewe walikuwa wamepungukiwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo fahari yetu ilipo kubwa kuliko penginepo.

Mzazi wa Nachingwea
Nawashukuru sana, na babu shikamoo. Nimemsomea mkubwa majibu haya jioni hii, naye ameuliza kama kuna mzee hapa mjini aliyewahi kufanya kazi karibu na kambi ile. Tutaanza na jirani yetu, kisha tutakwenda Naliendele Julai.