Mwanangu wa S1 kavalishwa mfupa shuleni kwa kusema "pole". Nifanye nini?

MamaWaSofia, Busia

Habari zenu wote. Sijazoea kuandika marefu. Nauza chapati na rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) hapa Sofia, Busia ya Uganda, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya, na simu yangu imejaa unga, kwa hiyo mnivumilie.

Binti yangu ana miaka 13, yuko S1, yaani sekondari mwaka wa kwanza. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Mimi Msamia, baba yake Mteso wa Tororo, tulikutana sokoni na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha, hakuna aliyemshinda mwenzake. Watoto wote watatu wamekulia humo. Anayeijua Busia ataelewa: dereva wa lori anaagiza chai kwa Kiswahili, na mbadilisha pesa anakupunja kwa Kiswahili.

Shuleni kwao kuna mfupa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, umetobolewa, umepitishwa kamba ya katani. Anayesikika akisema lugha isiyo Kiingereza anauvaa shingoni, na hauvui mpaka amnase mwingine. Wa mwisho jioni anaandikwa jina, na Ijumaa walioandikwa wanasimama mbele ya paredi. Zamani zetu tulikiita disiki, na kilikuwa kibao cha mbao. Nilidhani mambo hayo yamekwisha.

Jumanne ile rafiki yake aliteleza kwenye tope karibu na bomba, goti likachubuka. Binti yangu akamwambia, "Pole, umeumia?" Basi. Maneno mawili. Prefekti alikuwa nyuma yake.

Aliuvaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nilimuuliza kwa nini hakumpa mwingine, maana hao wenzake wananong'ona lugha zao kutwa. Akasema, "Mama, ningempa nani?" Sikuwa na jibu. Ijumaa akasimamishwa, mwalimu wa zamu akamwamuru arudie ile pole yake kwa sauti, shule nzima isikie. Wakacheka. Sasa jina lake ni Mfupa. Hata watoto wa jirani walio P4, darasa la nne la msingi, wanamwita hivyo.

Tena shule hiyohiyo ina somo la Kiswahili! Mtaala mpya ulioanza 2020 umelifanya la lazima S1 na S2. Kwa hiyo Alhamisi mtoto aliingia kipindi cha Kiswahili na mfupa shingoni. Akaulizwa ngeli, akajibu, akapata. Kengele ikalia, Kiswahili kikawa kosa tena.

Hii ni wiki ya tatu. Kila Jumatatu tumbo linamuuma, nimempa dawa ya minyoo mara mbili. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kuinua nyusi. Jioni alikuwa ananisaidia kuhesabu pesa huku anaimba, siku hizi anahesabu kimya. Juzi nimekuta karatasi ya jaribio la Kiswahili mkobani mwake: jina juu, chini yake tupu. Swali la kwanza lilitaka maamkizi matano. Huyu mtoto anaamkiana na madereva wa Kongo, Kenya na Tanzania kila siku ya Mungu!

Lakini kilichonifanya niandike ni cha jana. Mdogo wake wa miaka sita alisema "nataka maji". Dada mtu akachukua kijiko, akakifunga uzi, akamtundikia shingoni. Hakuwa anacheza, niliuona uso wake.

Nikienda shuleni, nitamharibia zaidi? Baba yake anataka tumhamishe, lakini karo ya muhula huu nimeshalipa, na ile shule ya pili naambiwa wao wanavalisha gunia.

MtotoWaKambi, Bombo

Mama, shikamoo. Usikasirike na nitakachosema. Mimi nimezaliwa kambini, baba askari, Kiswahili nilikinyonya. Gunia nililivaa P6 na P7, mara zisizo na hesabu, na viboko juu yake. Leo nina kazi ya ofisi Kampala. Bila lile gunia ningekuwa bado naongea Kiswahili cha gwaride. Watoto wa siku hizi mnawadekeza. Samaki mkunje angali mbichi. Kiingereza ndicho kinachompa mtu mkate Uganda hii, tusidanganyane. Mimi mwenyewe mpaka leo nikiitwa kusimama kwenye kikao niseme, jasho linanitoka mgongoni na maneno yote yanakimbia, lakini nasema hivyohivyo, na mshahara naupata.

MamaWaSofia

Marahaba mwanangu. Soma tena ulichoandika. Una kazi, una mshahara, gunia ulilivua miaka mingi iliyopita, na bado ukisimama mbele ya watu jasho linakutoka. Mimi nimesoma mpaka P7 tu, sijui saikolojia, lakini hilo jasho nalijua limetoka wapi.

Na samaki tunamkunja, sikatai. Hapa Busia tunamkunja ndipo tumkaushe. Hatumtundikii mfupa wa ng'ombe.

ChakiMkononi, Mbale

Mama, mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mwaka wa 19 huu, na disiki nimeitumia kwa mikono yangu. Acha nikueleze ilivyo kwa upande wa meza yetu, kisha unihukumu.

P1 mpaka P3 tunafundisha kwa lugha ya nyumbani. P4 ni mwaka wa kuvuka, P5 na kuendelea ni Kiingereza kitupu, na PLE, mtihani wa kumaliza msingi, hauna huruma: hata swali la sayansi la kunguni na chawa limeandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na P6 yenye watoto 94. Wazazi wanakuja kumuuliza hedimasta mbona wa shule ya kulipia pale barabarani wanaongea kama redio na wa kwetu hawaongei. Hedimasta anakugeukia wewe. Disiki haihitaji vitabu wala mwalimu wa pili, na unawageuza watoto wenyewe kuwa askari. Ndiyo maana haifi. Baraza la mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, tulipiga makofi ofisini, na disiki ikabaki kwenye droo palepale.

Kilichoniachisha ni mvulana mmoja aliyekuwa anauza miwa na mama yake sokoni. Siku moja wakati wa mapumziko nilimsikia nyuma ya choo akiwasimulia wenzake, kwa Lumasaba, jinsi mgambo walivyomfukuza muuza kuku na kuku wakatawanyika soko zima. Alikuwa anaigiza mgambo, anaigiza kuku, watoto wamelala chini kwa kicheko. Nikasema vizuri, nimepata mtu wa insha. Darasani nikamsimamisha asimulie siku ya sokoni kwa Kiingereza. Akasema, "My name is," akataja jina lake, akakaa. Miaka miwili ya disiki ilikuwa imemfundisha hilo tu. Nikatazama darasa: waliokuwa wanaongea Kiingereza walikuwa walewale wanne niliowapokea nao. Wengine 90 hawakuhamia kwenye Kiingereza, walihamia kwenye kunyamaza. Mimi nilikuwa nahesabu ukimya wao kama nidhamu.

Nikaitupa. Nikaweka utaratibu kwamba mtu aanze kwa lugha yake, jirani yake amsaidie kuigeuza, mimi nisahihishe mwisho. Kelele zilikuwa nyingi, na naibu alikuja mara tatu kuuliza kama darasa lina mwalimu. Hawakugeuka watangazaji, nisikudanganye. Lakini walinyoosha mikono.

Ushauri wangu ni mmoja. Usimkabili yule mwalimu wa zamu mbele ya wenzake. Ukimwaibisha utakuwa umemvalisha mfupa yeye, na kanuni ya mfupa unaijua: atamtafuta wa kumpa, na aliye karibu ni mtoto wako. Anza na mwalimu wa Kiswahili.

Mkaa_Nyuma

Mimi niko S4, nasoma tu humu huwa sichangii. Auntie, mimi nilikuwa nacheka. Tulikuwa na msichana darasani S1, akasomewa karo anayodaiwa mbele ya paredi, mwalimu akasema viatu vyake vinaongea, vilikuwa vimefunguka mbele. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote kwa sababu mimi pia nilikuwa nadaiwa na jina langu lilikuwa linafuata kwenye orodha. Nikadhani nikicheka sana sitasomwa. Nilisomwa.

Yeye hakurudi muhula wa pili. Waambie hao wanaomwita binti yako Mfupa, wengi wao wanaogopa tu.

NesiWaZamu, Arua

Dada yangu, kwanza acha dawa ya minyoo. Tumbo linamuuma kweli, asije akaambiwa anajifanya. Mwili ukiogopa unakaza tumbo, mapigo ya moyo yanapanda, hamu ya chakula inakufa. Mimi kliniki yangu Jumatatu asubuhi inajaa sare za shule, na Ijumaa mchana hawapo. Malaria haina kalenda ya masomo.

Umri huo ndio mbaya zaidi kwa jambo hili. Mtoto wa miaka sita ukimwaibisha anamkimbilia mama. Wa miaka 13 mama ndiye wa mwisho kuambiwa, kwa sababu anajitazama kwa macho ya wenzake, na macho hayo ndiyo yaliyomcheka. Fimbo ingeuma ikapoa. Hili anakutana nalo kila anapoitwa lile jina.

La kijiko usimchape. Alikuonyesha alichofanyiwa kwa njia aliyokuwa nayo. Usimlazimishe kusimulia pia. Mpe kazi ya mikono, kaa naye, kama ni kuhesabu pesa hesabuni wote. Muulize swali moja tu: nikienda shuleni, unaogopa nini kitatokea? Jibu lake ndilo likuongoze uende vipi. Ila ukiona halali, hali, anagawa vitu vyake, au anasema afadhali asingekuwepo, usingoje kikao cha wazazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kuna namba 116, Sauti, ya watoto, kupiga ni bure.

Kuhusu sheria: Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni. Hedimasta mjanja atakwambia mfupa si kiboko. Mwambie kwa upole kwamba Kifungu cha 24 cha Katiba kinakataza pia adhabu ya kudhalilisha. Andika kwenye daftari tarehe, kilichosemwa na waliokuwepo. Wakikuzungusha, baada ya bodi ya shule kuna ofisa elimu wa wilaya, na daftari litaongea kuliko machozi.

MtotoWaKambi

Mama, nimerudi kusoma. Lile la jasho nimelifikiria kutwa kazini. Sisemi nimebadilika. Ila nina mtoto wa P6, na jana nilimwita mjinga mbele ya wageni kwa sababu alisema "he go". Hajaniongelesha mpaka sasa.

MamaWaSofia

Wapendwa, samahani kwa kukawia, wiki ya mafuta kupanda bei. Nawapa habari.

Nilimuuliza lile swali la nesi wakati tunakanda. Akanyamaza mpaka unga ukalainika, kisha akasema anaogopa kuitwa mbele aombwe msamaha. Jamani! Mimi nilikuwa nimepanga kudai hilohilo, kwamba aliyemwaibisha mbele ya paredi amwombe radhi mbele ya paredi. Ningempandisha jukwaa lilelile mara ya pili na mkono wangu.

Nilikwenda Jumatano, nimevaa gomesi, na daftari. Nilianza na mwalimu wa Kiswahili kama mwalimu wa Mbale alivyosema. Ni kijana mdogo. Alinisindikiza mpaka chini ya mwembe, akatazama nyuma, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe ofisini kwao haongei Kiswahili, wenzake wanamwita mchuuzi wa Malaba, ule mpaka mwingine. Nilimhurumia nikasahau hasira yangu. Alinipeleka kwa mwalimu mlezi wa wasichana, naye akanipeleka kwa hedimasta. Hedimasta alisikiliza, alipoona daftari akasikiliza zaidi. Amesema suala la mfupa litaenda kwenye kikao cha walimu. Jina la Mfupa mwalimu mlezi amelichukua yeye, anaita mmojammoja ofisini, kimya, bila paredi. Mfupa wenyewe bado upo, wiki hii nasikia umevaliwa na mvulana wa S2.

Jumatatu tumbo liliuma tena, akaenda hivyohivyo na chai ya tangawizi.

Jana jioni yule rafiki wa goti alikuja nyumbani. Kumbe naye alikuwa anamkwepa binti yangu muda wote huu, anaona yeye ndiye chanzo. Walikaa nyuma ya banda na kitabu cha jiografia. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia minong'ono, na haikuwa Kiingereza. Wateja hawakuwapo, kikaango kilikuwa kimepoa, lakini nilichukua kijiko nikaanza kukwangua chuma kwa nguvu, wasije wakajua kwamba nawasikia.