Makala tano za kuku kwa siku, hakuna hata moja yenye kipimo cha maji ya chanjo!

Wakuu, leo sipaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nyie mnaoandika "elimu ya ufugaji" asubuhi, mchana na jioni, mnawamaliza wafugaji.

"Kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, rudia kideri siku ya 21." Yaani siku za kuchanja vifaranga dhidi ya magonjwa mawili ya virusi, kideri (Newcastle) na gumboro. Halafu? Halafu picha ya trei ya mayai na namba ya simu. Ratiba hiyo hata muuza vifaranga anaigawa bure. Kinachoua kuku ni yale mnayoyaruka.

Chukueni chanjo ya kideri ya kwenye maji. Ndani yake mna virusi hai vilivyopunguzwa makali. Mfugaji anakinga maji ya bomba, anamimina chupa nzima, anaondoka zake. Klorini inaviua virusi kabla kifaranga hajanywa tone. Ugonjwa ukiingia, kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo zinapinda, lawama anabebeshwa muuza dawa.

Kwa hiyo andikeni: maji ya kisima au ya mvua. Yakiwa ya bomba, koroga gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri nusu saa, ndipo uweke chanjo. Vyombo viwe vya plastiki, visiwe na mabaki ya sabuni wala dawa. Wanyime maji saa moja hadi mbili kabla. Jua likiwa kali, saa moja inatosha. Maji kiasi gani? Siku moja kabla, pima wanakunywa lita ngapi kwa saa mbili. Hicho ndicho kipimo, kwa sababu chanjo inatakiwa iishe ndani ya muda huo. Na vyombo vitoshe, la sivyo wababe wanakunywa mara mbili na wanyonge wanabaki bila kinga, kisha mnasema "chanjo feki".

Chupa yenyewe imesafirije? Chanjo nyingi za aina hii zinataka nyuzi 2 hadi 8, yaani kwenye kibebeo chenye barafu. Ikipanda daladala juu ya dashibodi, hapo umenunua maji. Chanjo nyingine ya kideri, iitwayo I-2, inavumilia joto zaidi (si kuanikwa juani, jamani), hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Nyie mnaandika tu "wape kideri". Ipi?

Mnajitetea kwamba wingi unaleta wasomaji. Makala 40 za aya nne nne, mmenakiliana mpaka "gumbolo" imehama ukurasa hadi ukurasa bila mtu kuishtukia!

Moja kwa mwezi inatosha. Kabla ya kuiachia, mpe mtu asiyefuga aisome. Kila anapouliza "kiasi gani?" au "nitajuaje imeharibika?", hapo umeruka kitu, rudi ukajaze. Weka tarehe juu. Ukigundua kosa, sahihisha ileile. Ukiandika ya pili na ya kwanza ukaiacha inazurura, atakayeipata ya kwanza ndiye atakayezika kuku.

Mwenye makala ya Kiswahili inayotaja hayo maziwa ya unga aiweke hapa. Wa "njoo inboksi" apite tu.